Nyuzi za Buluu Ndani ya Asali

Kila Jumamosi Rabia na mama yake walichuja asali nyumbani kwao, katika komini ya Annexe pembezoni mwa jiji, wakaiuza kwa majirani. Asali ililetwa kutoka kijiji cha Kasomeno. Juma lile baridi lilikuwa kali, nayo asali ikaganda ndani ya ndoo yake ya plastiki ya buluu.

"Itie mu sufuria, uipashe polepole," mama alisema akitoka kwenda kumwona mgonjwa. "Usifanye haraka."

Lakini rafiki zake Rabia walikuwa wameshaanza kuruka kamba. Aliikwangua asali kwa kisu, kisha akaisimamisha ile ndoo ya plastiki katika maji yanayochemka. Ndoo ililegea, ikapinda. Asali ilipoyeyuka aliichuja kwa kitambaa, akajaza chupa, akamwuzia moja Mwalimu Sylvain, jirani yao.

Alipoinua chupa ya pili juani, aliona nyuzi nyembamba za buluu zikielea. Zilikuwa za plastiki ya ile ndoo. Akachuja tena, nyuzi nyingine zilibaki. Akaenda kuruka kamba, akakosea kila mara. Akarudi kuitazama chupa, akatoka hadi barabarani, akarudi tena. Mwalimu hutia asali katika chai. Je, ameshakunywa?

Mama aliporudi alimkuta hatulii. "Iko nini, Rabia?"

"Mama, asali haiko muzuri. Nilikwangua ndoo, nikaitia mu maji ya moto. Plastiki iliingia. Na Mwalimu Sylvain alibeba chupa moja."

"Kimbia umwambie! Niko nyuma yako."

Mwalimu alikuwa ameshachota kijiko cha kwanza.

"Mwalimu, usikunywe!" Rabia alisimulia yote huku akitweta.

Mwalimu alikirudisha kijiko chini, akaitazama chupa dirishani. "Hizi tunaziona. Lakini ziko chembe zingine za plastiki, ndogo kuliko unga, kitambaa hakizizuii. Wataalamu wamezikuta hata katika damu ya watu. Madhara yake yote hayajajulikana, lakini wana wasiwasi kwamba zinaweza kuumiza mishipa na matumbo."

Mama aliingia akihema. "Utusamehe, Mwalimu. Asali hii yote tutaimwanga chini. Ingine tutaipasha mu sufuria, tuitie mu chupa za kioo."

Machozi yalimlengalenga Rabia. Mama akamshika bega.

"Haraka yako ilichafua chakula cha batu, mwanangu. Lakini ulisema kabla mutu hajakunywa, na hilo ni jambo kubwa. Plastiki yote hatuwezi kuikimbia; iko hata mu vumbi. Ile tunaweza kuzuia, tuizuie. Na tukikosea, tuseme mara moja, hata kama tunaona haya."