Kamba ya Boti Si ya Mbwa

Mimi ni mama Wendy. Tunakaa kando ya bahari karibu na Liwatoni, mimi, mume wangu Kaingu na binti yetu wa miaka kumi na miwili. Kaingu hulinda stoo ya mashine za boti. Tajiri wake alimwachia mbwa wa kulinda naye, jina lake Jabali. Ni mbwa mkubwa. Ukimpima na Wendy, mbwa ndiye mzito.

Kila alasiri Wendy alimtembeza Jabali. Mimi nilichungulia dirishani mpaka warudi. Kamba ya dukani ilikatika mara mbili, basi Kaingu akaleta kamba ya nailoni kutoka kwa mafundi wa boti. Nyembamba kama kalamu.

"Hii huvuta boti," akasema. "Itashindwa na mbwa?"

"Lakini nyembamba, baba Wendy."

"Wewe kila kitu waogopa. Hata mvua waogopa."

Akampiga mbwa kitanzi shingoni. Wendy naye, ili kamba isimponyoke, akaizungusha mkononi mara tatu. Nilimwona. Nikanyamaza. Mpaka leo najilaumu.

Jumamosi moja paka alikatiza njia. Jabali akaruka. Wendy akaanguka kifudifudi, akaburutwa mpaka mlangoni kwa jirani. Kamba haikukatika. Hiyo ndiyo ilikuwa balaa yenyewe. Ilijikaza mkononi, vidole vikawa rangi ya zambarau. Kitanzi nacho kilimkaba mbwa, na kadiri kilivyomkaba ndivyo alivyovuta.

Nilitoka mbio bila viatu. Jirani yetu, mzee Yeslam, alikuwa atoka kwake na kanzu nyeupe, aenda msikitini. Kazi yake ni kushona mikanda ya punda wa mikokoteni ya Mji wa Kale. Kwa dini yake, yeye mbwa hamgusi. Jabali akipita, yeye huvuka ng'ambo. Siku ile hakuvuka. Alichukua kisu chake cha kazi, akapiga magoti, akakata kamba. Mate ya mbwa yakamlowesha kanzu.

"Ami, vidole sivisikii!" Wendy alilia.

"Utavisikia, mwanangu. Hebu vichezeshe. Kimoja kimoja. Ee, hivyo hivyo."

Hospitali Wendy alishonwa nyuzi sita pale kamba ilipomkata. Daktari akasema, "Mngechelewa kidogo, vidole viwili tungevikata." Nilikaa sakafuni nikalia.

Mzee Yeslam swala ya jamaa ilimpita. Alirudi kwake kufua kanzu na kujiosha mkono mara saba, mara moja kwa mchanga, kama dini yake inavyomtaka. Tulipokwenda kumshukuru na kumwomba radhi, alicheka.

"Kanzu imeshakauka. Nionyesheni hiyo kamba." Akaizungusha kidoleni. "Nguvu inayo, Kaingu. Lakini yakata kama kisu. Punda wangu hubeba magunia na hana kidonda. Wajua kwa nini? Mkanda mpana. Uzito hauli mahali pamoja."

"Sasa huyu mbwa nimpe mkanda gani, ami?"

"Upana wa vidole viwili. Mkanda kuukuu wa kiti cha gari wafaa, nenda Makupa utapata. Urefu usipite hatua mbili, asipate nafasi ya kuchukua mbio. Shikio nitalikunja na kutia kitambaa ndani, lisichome mkono. Kulabu iwe ya chuma kizito, si waya uliopindwa."

"Na shingoni?"

"Shingo muachie. Mkanda wa pili umzunguke kifua, kulabu ije mbele. Akivuta, ajigeuza mwenyewe. Na vidole viwili vipite kati ya mkanda na manyoya. Visipopita, umemkaza. Ukipita mkono mzima, atachomoka."

"Basi njoo umpime."

"Nimpime mimi? Ah, siku ile yatosha! Mpime wewe kwa uzi, uniletee uzi." Tukacheka wote.

Alipomaliza kushona na kutukabidhi mkanda, aliinua kidole. "Usiuzungushe mkononi, abadan. Shika shikio kwa kiganja, mkono wa pili ushike katikati. Akikuzidi nguvu, achia. Mbwa atarudi. Kidole hakirudi."

Siku hizi Kaingu ndiye amtembezaye Jabali. Mtoto asipewe mbwa aliyemzidi uzito, hata mkanda uwe mzuri vipi. Kila Jumapili tunakagua nyuzi na kuosha kulabu, maana chumvi ya bahari hula chuma. Jabali hakohoi tena kama siku za kitanzi, na pale shingoni kilipomchubua manyoya yameota.

Mama wenzangu, tazameni leo kamba za mbwa wenu. Mkiona kosa, semeni. Msinyamaze kama mimi.

Juzi nilimpelekea mzee Yeslam barua ya shukrani. Wendy aliiandika mwenyewe, kwa mkono ule ule ulioshonwa. Mzee akavaa miwani, akasoma polepole, akasoma tena.

"Mwandiko umepinda," akasema. "Lakini vidole vyote vitano vimo humu."