Bwana wa Kwenye Mahindi

Mchoraji yule hakuchanganya rangi hata siku moja. Aligusa turubai kwa ncha ya brashi, nukta ya njano kando ya nukta ya buluu, kisha akarudi nyuma hatua kumi, na macho yenyewe yakaona kijani cha shamba. Miaka thelathini kazi ilikuwa hiyo, mpaka asubuhi moja mama yake alipoingia na fimbo yake akauliza, “Huyu bwana aliyesimama kwenye mahindi ni nani?”

“Bwana gani, mama? Shamba tupu hilo.”

“Makubwa! Mimi nusu kipofu namwona, wewe mwenye macho humwoni?”

Mchoraji akacheka. Mama alikuwa na mtoto wa jicho. Kwake nukta ziliungana hata akiwa karibu. Akarudi hatua zake kumi. Mtu alikuwepo, mrefu, amewapa mgongo. Aliposogea, aliona nukta tu.

Kesho yake jamaa alikuwa amegeuka. Siku ya tatu alifika ukingoni mwa shamba, chumba kinanuka nywele zilizoungua, na mama anamnong'oneza mchana kutwa, chakula hataki.

“Anasema nimfuate,” mama alisema. “Eti huko nitaona vizuri.”

Mganga alipoitwa hakuvuka kizingiti.

“Hana mwili huyu,” alinong'ona. “Macho yenu ndiyo yanayomuunga. Mfunge mama kitambaa machoni. Wewe mfute nukta kwa nukta, pua kwenye turubai. Ukirudi nyuma kumtazama kabla sijakwambia, umemtoa nje.”

Basi mama akafungwa, akakaa kando ya picha, na binti yake mchoraji akafuta, roho mkononi, jasho likimwingia machoni, akifunika bega, akifunika shingo, akisikia pumzi ya mtu ikipanda na kushuka nyuma ya turubai, naye haachi, mpaka nukta ya mwisho ikakaa mahali pake.

Jamani, mazoea yana taabu! Brashi ilipotulia, miguu ilijiendea yenyewe. Hatua kumi.

Shamba lilikuwa tupu.

“Katoka!” alipiga kelele kwa furaha.

“Katoka kwenda wapi?” mganga aliuliza pale mlangoni.

Kule kando ya picha, mama alitabasamu chini ya kitambaa.

“Mikono yako ya baridi leo, mwanangu,” alisema, akainuka kwenye kiti, akaiacha fimbo.