Wiki ya Hamsini, Amagagasi

Tuseme ukweli mapema tuumalize: siku ile mjinga alikuwa Mthunzi Gumede. Yeye mwenyewe habishi. Ukimuuliza leo atakwambia, "Nilikuwa mimi," halafu atacheka mpaka akohoe. Lakini Ijumaa ile hakucheka. Ijumaa ile alisimama mapokezi ya Amagagasi, hoteli ya flati za likizo pale Margate, pwani ya kusini ya Durban, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likakakamaa, na akapiga kaunta ngumi iliyomuumiza yeye kuliko kaunta.

"Nimelipa!" alisema. "Flati namba kumi na nne, wiki ya hamsini. Mama yangu amekaa juu ya sanduku kama mkimbizi!"

Mama mwenyewe, MaZondi, alikuwa ametulia juu ya hilo sanduku, kofia yake ya bluu mapajani. Alikuwa amestaafu mwezi uliopita baada ya miaka thelathini na moja ya kufua mashuka ya hospitali kule Ladysmith. Mwanawe, muuza matairi, alimuahidi zawadi moja tu: wiki nzima mbele ya bahari, kwenye kitanda ambacho shuka lake atalifua mtu mwingine.

"Bwana Gumede," alisema Pillay wa mapokezi, mtu mpole mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, "kumi na nne ina watu tangu saa nane. Kama unataka kubuki chumba moja kwa moja kwetu, nimebakiwa na kimoja, kidogo, karibu na chumba cha dobi."

Akataja bei. Ilikuwa bei ya matairi manne mapya ya lori, pamoja na kufungiwa.

Ukumbi ulikuwa umefurika. Ijumaa ndiyo siku ya zamu: waliomaliza wiki yao wanatoka na mchanga kwenye viatu, wanaoanza wanaingia na majokofu ya mkononi yaliyojaa nyama. Na Ijumaa hiyo wenye wiki walikuwa na mkutano wao wa mwaka; wale walionunua, zamani au juzi, wiki moja ya flati moja, iwe yao kila mwaka hadi kufa, waje wenyewe au wapangishe.

"Nimetapeliwa," Mthunzi alimgeukia aliyekuwa nyuma yake, maana mtu mwenye hasira humweleza yeyote. "Dada, usije ukapanga kwa hawa wenye wiki. Buki hotelini. Mimi nimepanga kwa mzee mmoja anaitwa H. Mkhwanazi. Mwizi mkubwa!"

Dada huyo alikuwa amevaa gauni la kitambaa cha shweshwe, chenye vinakshi, la rangi ya chungwa, kiuno kimebanwa, mabega wazi, na hereni za shanga zilizotikisika kila alipojizuia kucheka.

"Pole, kaka. Mzee anaonekanaje?"

"Sijamwona, tumeandikiana tu kwa simu. Lakini namjua. Ana kitambi. Ana meno ya dhahabu."

"Mpigie basi. Labda atapokea."

Akapiga. Na ndani ya mkoba wa gauni la chungwa, simu ikaanza kuimba.

Yule dada akaitoa polepole, akaiweka sikioni, akamtazama machoni. "Haloo? Hlengiwe Mkhwanazi hapa. Meno yangu ya dhahabu nimeyaacha nyumbani. Nikusaidie nini?"

Pillay alivaa miwani ili aone vizuri. MaZondi, juu ya sanduku, alicheka kwa mara ya kwanza tangu wafike.

Hlengiwe alimshika Mthunzi mkono wa shati akampeleka ukutani, kwenye kalenda kubwa ya wenye wiki. "Leo tarehe ngapi?"

"Tisa Desemba."

"Soma hapa."

Akasoma. Kwenye kalenda ile, wiki ya kwanza huanza na Ijumaa ya kwanza ya mwaka. Yeye alikuwa amehesabu nyumbani, kwenye kalenda ya duka la matairi, akaanzia Mwaka Mpya, siku ya Jumamosi, hivyo Ijumaa ya kwanza kwake ikawa mwanzo wa wiki ya pili. Leo ilikuwa inaanza wiki ya arobaini na tisa. Amekuja siku saba mapema.

"Sasa si ungeniandikia tarehe?" alisema kwa sauti iliyopungua.

"Hilo ni kosa langu. Sisi tumezoea namba za wiki mpaka tunasahau kuna watu wanaishi kwa tarehe." Akamgeukia MaZondi, akapiga goti kidogo. "Mama, nisamehe. Hatukujua kuelezana."

"Nimeingoja bahari miaka sitini na miwili, mwanangu," alisema MaZondi. "Wiki moja itaniua? Nionyeshe tu iko wapi."

Basi Hlengiwe akauacha mkutano. Alimpeleka mama ufukweni, akamshikia viatu, na MaZondi akaingiza miguu majini akipiga kelele kama msichana. Mthunzi alibaki nyuma amebeba kofia ya bluu, akiangalia gauni la chungwa likipepea, na kwa mara ya kwanza akashukuru kwamba hesabu hajui.

Jioni mama na mwana wakarudi nyumbani, na wiki hiyo simu haikupoa.

"Haloo, mwizi."

"Haloo, bwana kalenda. Leo Jumatatu, nakuambia mapema usije ukachanganya."

"Nimeuza matairi sita nikitabasamu. Wateja wanadhani nimelewa."

"Umelewa nini?"

"Shweshwe."

Hlengiwe akacheka kule Durban, mguu wake ukisahau cherehani. Alikuwa fundi wa nguo mwenye kiduka chake juu ya duka la viungo. Alimweleza kwamba wiki ya hamsini ya flati kumi na nne ilikuwa ya marehemu baba yake, dereva wa basi. Baba aliinunua mwaka tisini na tano, alipokuwa bado haamini kwamba ufukwe ule, zamani wa wazungu peke yao, ni wake pia. Kila aliyepangishiwa, baba alimpokea mlangoni kwa skonzi na gemere, kinywaji cha tangawizi. "Alisema mtu akikuamini bila kukuona, angalau mwonyeshe uso. Sasa nafanya mimi."

"Kwa hiyo Ijumaa utakuja?"

"Kwa ajili ya mama yako, ndiyo."

"Na mimi?"

"Wewe utapewa skonzi zilizoungua, kipenzi."

Hilo neno la mwisho Mthunzi alilibeba dukani siku mbili nzima. Na hapa, msomaji, ndipo mtu mwenye akili angetulia. Mthunzi hakutulia. Miaka miwili nyuma alikuwa amelipia flati ya Durban yenye maji ya moto na roshani. Alipofika na mabegi akakuta ni maegesho ya magari. Mpangishaji wake wa siku hizo naye alikuwa na sauti tamu kwenye simu. Alhamisi, woga ule ukarudi. Akawaza mama amekaa tena juu ya sanduku. Akampigia Pillay kimyakimya, akabuki kile chumba cha karibu na dobi, siku saba, akalipa, pesa hairudi.

Ijumaa, tarehe kumi na sita. Sikukuu ya taifa, Siku ya Maridhiano, nchi nzima inahimizwa kupatana. Hlengiwe alikuwa mapokezi kabla yao, gauni la kijani safari hii, kitambaa cheupe kichwani, bakuli la skonzi limefunikwa kwa taulo. Mthunzi alipomwona alisahau mabegi yote mawili mlangoni.

"Umeiva kama embe la Januari," alimnong'oneza.

"Nyamaza, mama anasikia."

"Mama hasikii," alisema MaZondi.

Kisha Pillay, mtu mwaminifu kupita kiasi, akafungua daftari. "Bwana Gumede, karibu. Unazo nafasi mbili. Barua ya mgeni kutoka kwa Bi Mkhwanazi, flati kumi na nne. Na ile uliyobuki kwetu jana, chumba cha tatu. Nikupe funguo zote?"

Hlengiwe aliweka bakuli kwenye kaunta taratibu.

"Jana?" alisema. "Jana tumeongea saa nzima. Uliniita ua la moyo wako."

"Hlengi, sikiliza..."

"Ulikuwa umeshanibukia mbadala."

"Ni kwa ajili ya mama! Nilishawahi kutapeliwa, wewe hujui..."

"Ungeniambia. Ningekuletea hati ya baba, kitambulisho, na meno ya dhahabu. Wewe ukaamua kucheka nami kwenye simu huku umebeba tairi la akiba." Macho yalimlengalenga, akayakataza. "Mama, funguo hizi. Mashuka nimeyapiga pasi mwenyewe. Karibu kwa baba yangu." Akatoka, na kijani chake kikapotea kati ya majokofu ya nyama.

Mthunzi alinyoosha mkono kuchukua ufunguo wa kumi na nne. MaZondi akautia kwenye sidiria.

"Wewe una chumba," alisema.

"Mama!"

"Umelipia. Kalale."

Chumba cha tatu kilikuwa safi, hatuwezi kukisingizia. Taulo zilibadilishwa kila siku, kitanda kilitandikwa na watu wasioonekana. Lakini ukuta wake ulipakana na mashine za dobi, na kuanzia alfajiri kitanda kilitetemeka kama basi bovu. Hakikuwa na jiko. Kila asubuhi alipanda hadi kumi na nne, akanusa mayai na nyama, akagonga.

"Nani?"

"Mwanao."

"Barua ya mgeni imeandikwa na mwenye nyumba. Yeye akisema uingie, utaingia." Na kikombe cha chai kikatolewa nje, kama cha mlinzi.

Hlengiwe hakupokea simu zake. Ya MaZondi alipokea kabla haijalia mara mbili, na Mthunzi alisikia vicheko kupitia mlangoni. "Mwanangu, haya mashuka! Kona zimekunjwa kihospitali! Nani alikufundisha?" Jumatatu mama akafungua mlango kidogo, akampa daftari kuukuu lililokuwa kwenye droo ya vijiko. "Kasome. Huna kazi."

Lilikuwa daftari la wageni, miaka ishirini na saba ya majina. Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wa dereva wa basi: *Mgeni, sikujui nawe hunijui. Umelipa kabla ya kuona. Asante. Kitasa cha bafu kinakwama, kinyanyue kidogo.* Mthunzi aliyasoma yote, amekaa ngazini. Hakuna aliyelalamika, isipokuwa kuhusu kitasa.

Jumanne alishuka mapokezi, akakuta kelele anazozijua. Baba mmoja kutoka Bloemfontein alikuwa anapiga kaunta, mke amekaa juu ya sanduku na mtoto mchanga.

"Nimelipa! Wiki ya hamsini na moja!"

Mthunzi alimshika mkono wa shati, akampeleka kwenye kalenda. "Kaka, hesabu na mimi. Inaanza Ijumaa. Usiumie, mimi ni profesa wa kosa hili." Kisha akatoa ufunguo wa chumba cha tatu mfukoni, akampa yule mama mwenye mtoto. "Kimeshalipiwa mpaka Ijumaa. Mashine za dobi zinapiga kelele, ila mtoto atadhani anabembelezwa."

"Na wewe utalala wapi?" aliuliza Pillay.

"Kwenye gari. Sitaki cha akiba tena."

Pillay alingoja amalize kutoka, ndipo akainua simu.

Jioni hiyo, jua likishuka nyuma ya hoteli, Mthunzi alipiga kwa mara ya arobaini. Ikapokelewa.

"Nani?"

"Mgeni wako wa wiki ya hamsini. Naomba ruhusa ya kuingia."

"Chumba chako kimepatwa na nini?"

"Nimekigawa."

"Nimesikia. Umekigawa kwa sababu ya huruma au kwa sababu ya kelele?"

"Kwa sababu nilipoushika ule ufunguo niliona uso wako. Hlengi, niliogopa. Nilitaka kukuamini bila kuhatarisha chochote, na hiyo haipo. Ningekwambia nimeogopa, ungenicheka tu yakaisha. Nikaona aibu."

Cherehani ikasimama.

"Kitasa cha bafu bado kinakwama?" aliuliza.

"Nimesoma. Kinanyanyuliwa kidogo."

"Mwambie mama akufungulie. Ulale sebuleni, kwenye kochi fupi. Nakuja kesho, na skonzi zilizoungua ninazo."

Alikuja kweli, gauni lile lile la chungwa, na siku mbili hizo flati kumi na nne ilinuka nyama ya kuchoma, tangawizi na manukato. Alhamisi mchana wakawa kwenye roshani, MaZondi miguu juu ya kiti, Pillay amepanda "kukagua kitasa" na sahani mkononi.

"Nijibuni," alisema Mthunzi. "Mwakani nibuki wapi?"

"Kwetu," alisema Pillay. "Mambo yakiharibika, una mtu wa kumpigia ngumi kaunta yake."

"Kwa mwenye wiki," alisema MaZondi. "Kuna jiko, na mtu anakuuliza umelalaje."

Mthunzi akageuka, akamshika Hlengiwe mkono. "Mimi sitaki kupanga tena. Nataka kukuoa. Nakuomba hapa hapa, wewe mwenyewe, uso kwa uso. Si ulinilaumu kwamba sikukwambia moja kwa moja? Basi ya nini tena wajomba, kusimama getini alfajiri na kuita majina ya ukoo, na kujadili ng'ombe siku nzima na mama yako? Sisi watu wazima. Sema ndiyo, tumalize."

"Kijana ana hoja," alisema Pillay, mdomo umejaa.

"Hana," alisema MaZondi.

Hereni za Hlengiwe zilianza kutikisika. Akamfuta makombo ya skonzi kidevuni.

"Ndiyo ni yangu, nimekupa. Lakini kinachobukiwa moja kwa moja ni chumba, Gumede; binti wa Mkhwanazi ana kwao. Wajomba zako waje getini kwa mama yangu Jumamosi ya kwanza ya Februari, kalenda awasomee MaZondi, na nikisikia umepitia geti la pili kuweka mchumba wa akiba, nitakurudisha chumba cha tatu ulale ndani ya mashine."