Mashine Mpya na Chumba cha Nduwayo

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Deodata alifagia uwanja wa nyumba yao kule Mugoma. Alianzia jikoni, akapita kwenye banda la nguruwe, akamalizia kwenye ngazi za mbele. Sehemu moja tu aliiruka, nayo ni ile iliyokuwa mbele ya chumba cha Baba Mdogo Nduwayo. Hapo majani makavu ya migomba yalijikusanyia tu, na hakuna mtu mzima aliyemgombeza kwa kuyaacha. Ukiona mama wa huku kwetu anapita kando ya uchafu uwanjani mwake na hasemi neno, ujue pana jambo.

Chumba hicho kilikuwa cha matofali, kimejitenga na nyumba kubwa. Miaka mitatu iliyopita Nduwayo, mdogo wake baba, alikuwa akinyolea watu nywele humo na kuchaji simu zao. Jioni moja mvua kubwa ilinyesha. Nduwayo akaliingiza jenereta lake ndani lisilowe, akafunga mlango, akaendelea na kazi. Kulipokucha walimkuta amekaa kwenye kiti chake, hana jeraha wala damu, kama mtu aliyesinzia. Kijana mwenye nguvu zake, jamani! Watu walilia mpaka sauti zikakauka.

Kisha maneno yakaanza. Huyu alisema Nduwayo ameitwa, yule akasema chumba kimejengwa mahali pabaya. Bibi Auleria, mama yake marehemu, akaamuru dirisha lizibwe kwa matofali, ili kilichomchukua mwanawe kisipate njia ya kutoka na kuwafuata wengine. Likazibwa. Tangu hapo jina la Nduwayo likawa linatajwa kanisani tu, kwenye misa ya kumwombea.

Lakini masikioni mwa Deodata chumba hakikunyamaza. Kila mvua iliponyesha alisikia jenereta likinguruma mle ndani, ingawa jenereta lenyewe lilikwishauzwa. Alijifunika blanketi hadi kichwani. Angemwambia nani? Ukikitaja chumba kile, Bibi alijifunika khanga usoni, na siku hiyo chakula hakikulika nyumbani.

Sasa mwaka huu kahawa ilikubali. Baba yake Deodata, Mzee Theonest, akatangaza kwamba atanunua mashine ya kuoshea, ile inayorusha maji kwa presha. Alikuwa amechoka kumwona mke wake, Priscila, akiinama kusugua sakafu ya banda la nguruwe na maturubai ya kuanikia kahawa. Mgongo wa Priscila ulikuwa umemwambia imetosha.

"Mashine ya injini?" Bibi aliuliza. "Katika uwanja huu?"

"Mama, ni ya kuoshea tu."

"Hata ile ilikuwa ya simu tu," Bibi alisema, akainuka na kwenda zake.

Jumamosi Theonest alimchukua Deodata wakaenda Kabanga, mpakani, kwenye duka la Halfani. Babu yake Halfani alitoka pwani kuja kufanya biashara, na familia haikurudi tena.

"Shikamoo," alisema Deodata.

"Marahaba, binti yangu. Karibuni sana. Mzee Theonest, leo umekuja na msaidizi!"

Halfani hakuwa na haraka ya kuuza. Kwanza aliuliza wanaosha nini, na maji yanatoka wapi. Theonest akamweleza habari za banda, maturubai na pikipiki, na kwamba wana simtanki la maji ya mvua.

"Hii hapa ni ya umeme," Halfani alisema. "Haina kelele, nyepesi, nzuri."

"Umeme wa kwetu unakatika ovyo. Tena banda liko mbali na soketi."

"Basi ya petroli. Lakini usikimbilie hili dubwana kubwa, mzee wangu. Maji yake yanabandua plasta ya ukuta, na yakimpata mtu mguuni yanachana ngozi. Ni la watu wa gereji. Chukua hii ndogo. Kamba yake ya kuwashia hata mama nyumbani ataivuta. Na simtanki liwe juu kidogo ya mashine, maji yashuke yenyewe. Usiiwashe kavu, utaua pampu." Akauliza, "Utakuwa unaiwashia wapi?"

"Ndani ya stoo. Nitapitisha mpira wa maji mlangoni. Kelele itapungua na mvua haitaipata."

Uso wa Halfani ukabadilika. "Hapana! Nje, mzee wangu. Nje kabisa, mbali na mlango. Moshi wa injini una hewa ya sumu ndani yake. Huioni, wala huisikii kwa pua. Ukiivuta kwenye chumba kilichofungwa, kichwa kinauma, miguu inalegea, unataka kulala. Ukilala, basi."

Deodata alikikumbuka chumba kile. Kiti. Mtu aliyesinzia. Alimtazama baba yake.

"Sawa, sawa," alisema Theonest, akigeuzageuza kifuniko cha oili. Alikuwa bingwa wa kuitikia "sawa, sawa" huku masikio yamekwenda matembezini. Au labda alisikia vizuri mno, na jambo lenyewe likawa zito kulibeba. Njiani hakusema lolote, na Deodata hakuuliza. Nyumbani nako mtoto alikaa kimya. Kumweleza mama maneno ya Halfani kungekuwa kukitaja chumba, na Bibi alikuwa pale pale akichambua maharage.

Mashine ilifanya kazi, msiseme! Banda la nguruwe liling'aa hata nguruwe wenyewe wakawa kama wameshangaa. Priscila alicheka, jambo ambalo Deodata hakuwa amelisikia kwa muda mrefu. Furaha hiyo ndiyo iliyompa Priscila ujasiri. Akasema magunia ya kahawa hayana mahali, na haiwezekani chumba kizima kikae bure kwa ajili ya woga. Atakiosha.

"Kioshe," alisema Bibi. "Mimi sitakanyaga humo."

Siku aliyoamua kukiosha, Theonest alikuwa ametoka kwa pikipiki na Deodata yuko shuleni. Priscila aliiweka mashine nje ya mlango kama kawaida. Mchana mvua ikaja na upepo, ikimwaga maji juu ya injini. Akaivutia ndani. Upepo ukaendelea kupuliza mvua mlangoni, naye akausukuma mlango mpaka ukabaki upenyo wa kupitisha mpira tu. Dirisha, kama tunavyojua, lilikuwa matofali matupu.

Deodata alirudi kutoka shule amelowa chapachapa. Alipoingia uwanjani, alisimama pale pale. Ngurumo! Ngurumo ile ile, kutoka chumba kile kile, katika mvua ile ile. Alijiziba masikio, akayazibua. Haikuondoka. Safari hii haikuwa ya kichwani mwake.

Bibi alikuwa amesimama barazani, mikono kichwani.

"Bibi, mama yuko wapi?"

"Yumo," Bibi alijibu kwa sauti ndogo. "Nilimwita, haitikii. Usiende, mwanangu! Ndivyo ilivyokuwa siku ile. Kinamwita mmoja, kisha kinamngoja anayemfuata."

Deodata alitaka kukimbilia kitandani na kujifunika, kama siku zote. Lakini maneno ya Halfani yalimjia yote kwa pamoja: kichwa kinauma, miguu inalegea, unataka kulala.

"Si kitu kinachoita, Bibi! Ni moshi! Halfani alituambia, ni moshi!"

Akakimbia, akausukuma mlango wazi hadi mwisho. Priscila alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea ukuta, maji yakimpita miguuni.

"Mama!"

"Niache nikae kidogo," alisema Priscila, ulimi mzito. "Nimechoka tu."

Deodata alimshika mkono, akavuta. Wapi! Mtoto wa miaka kumi na miwili na mwili wa mtu mzima uliolegea, utauvutaje? Aliita kwa nguvu zake zote. Ndipo alipoona khanga ya Bibi mlangoni. Auleria, ambaye kwa miaka mitatu hakuvuka kizingiti kile, alisimama kwa pumzi moja tu, akaingia. Akaushika mkono wa pili. Wakamburura Priscila kama gunia, wakamtoa nje mpaka katikati ya uwanja, mvua ikawapiga wote watatu.

Luhende, jirani yao, alisikia makelele akaja mbio, na Theonest naye akafika na pikipiki yake. Alitaka kuingia kuizima mashine. "Baba, usiingie!" Deodata alipiga kelele hadi sauti ikapasuka. "Iache iishe mafuta!" Baba yake akamtazama, safari hii masikio yakiwa nyumbani. Aliiacha. Akawasha pikipiki, Priscila akawekwa katikati, Luhende akamshikilia kwa nyuma, wakaenda hospitali.

Kesho yake Deodata na Bibi walimkuta Priscila amekaa kitandani, anakunywa uji, Theonest kando yake. Wauguzi walikuwa wamemwekea hewa ya oksijeni tangu jana. Daktari Teddy, mama mpole mwenye miwani, aliwaeleza kile kile alichokieleza Halfani. Akaongeza kwamba dakika chache zaidi, asingekuwa na la kufanya.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. "Daktari," alisema, "mwanangu alikutwa kwenye kiti. Jenereta lilikuwa ndani. Mlango umefungwa."

Daktari Teddy alivua miwani. "Pole sana, mama."

"Kwa hiyo hakuitwa?"

"Hakuitwa na mtu. Alivuta moshi."

Bibi alilia hapo hapo, bila kujifunika khanga. Theonest naye alilia, mwanamume mzima, mbele ya wagonjwa. Alisema aliyasikia maneno ya Halfani vizuri kabisa dukani, lakini hakutaka kuyafikisha nyumbani, kwa sababu yangeufukua msiba. Deodata akasema hata yeye alinyamaza. Priscila aliwashika wote wawili mikono. "Mmeona tulivyokaribia kuuchimba mwingine?" alisema.

Walipotoka hospitali, Theonest aliyabomoa yale matofali ya dirisha. Mashine ikajengewa kibanda chake kando ya simtanki, paa bila kuta, mbali na milango yote. Lakini Bibi aliona hilo halijatosha. Alhamisi jumuiya ya kanisa iliposali nyumbani kwao, aliomba nafasi ya kusema. Sebule ikajaa majirani, wengine wamekaa chini, na nje mawingu yakitanda.

"Mnamkumbuka Nduwayo wangu," alianza. Watu wakainamisha vichwa, maana jina hilo halikuwa limetamkwa humo kwa muda mrefu. "Mlisema ameitwa. Nami nilisema hivyo. Niliziba dirisha nikidhani nafungia kitu kibaya, kumbe nilikuwa nawatengenezea wanangu kaburi la pili. Mwanangu aliuawa na moshi wa injini. Injini inawashiwa nje, hata mvua ikinyesha, hata mwizi akiwepo. Bora iibiwe. Na ninyi watoto, mkijua jambo la hatari, lisemeni, hata kama sisi wazee tunajifunika nyuso. Mjukuu wangu alichelewa kusema, lakini alisema, ndiyo maana mama yake amekaa pale."

Luhende, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, alisimama ghafla. Siku ile alimfikisha Priscila hospitali akarudi, wala hakuwa amesimuliwa maneno ya daktari.

"Jenereta langu linanguruma sebuleni," alisema. "Mtoto nimemlaza chumba cha pili. Nimefunga madirisha kwa sababu ya mawingu."

Alishatoka. Wanaume wawili wakamfuata mbio, na sala ikakatika. Bibi alibaki amesimama, mkono kwenye bega la Deodata, akilibonyeza kwa nguvu. Kitambo hicho kilikuwa kirefu. Kisha wakasikia, kutoka upande wa pili wa migomba, mtoto mdogo akilia kwa hasira ya kuamshwa, kilio kikubwa, cha mapafu mazima. Luhende alitokea naye begani, machozi yakimtiririka. Wanawake wakaanza kumbembeleza mtoto anyamaze.

"Mwacheni," alisema Bibi Auleria, akikaa chini taratibu. "Mwacheni alie."