Viganja vya El Jocotillo

Jioni ile nilimfuata ndama wangu hadi El Jocotillo. Mji wenyewe haupo tena. Jeshi liliuchoma wakati wa vita, na leo kwenye ramani pameandikwa malisho. Malisho, eti! Mimi nilizaliwa pale.

Nilimkuta ndama kando ya kisima. Nilipokuwa nikimfunga kamba, nikasikia harufu ya mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa.

Kisha... pa, pa, pa.

Viganja. Wanawake walikuwa wakipigapiga unga wa tortiya, mikate yetu ya mahindi, nyumba hadi nyumba. Lakini nyumba hazikuwepo.

Wakati wa vita nilikuwa na miaka minane. Kila jioni mama zetu waliwapikia kwa siri wapiganaji waliojificha mlimani. Siku moja sajini wa jeshi alisimama mlangoni kwetu, akasikiliza viganja vya mama, kisha akaniinamia.

"Mko watatu tu. Mbona mama yako hamalizi? Anawapikia wangapi?"

Nami, kwa kujidai kwamba najua hesabu, nikasema, "Sitini!"

Kesho yake nilipeleka kikapu mlimani. Niliporudi, hapakuwa na mji, wala mama. Neno lile, sitini, nimelibeba tangu siku hiyo.

"Mtoto..."

Ndama akatetemeka. Sajini yule yule alikuwa ameketi ukingoni mwa kisima, bado kijana kama siku ile, buti zimejaa majivu.

"Wanawapikia wangapi?" akanong'ona. "Sema hakuna mtu, wanyamaze milele. Sema, nawe upumzike."

Viganja vikatulia.

Walikuwa wakinisubiri mimi.

Niliogopa, sifichi. Lakini hasira ilinipanda kuliko woga.

"Mimi si mtoto wako! Safari hii hesabu mwenyewe, mshenzi wee!"

Nikainua mikono mitupu, nikapiga.

Pa.

Sauti ya mama ikaja sikioni. "Taratibu, Lalia. Utaitoboa tortiya."

Mji mzima ukaitikia kwa viganja. Sajini akaanza kuhesabu mapigo, "Moja... mbili..." Nilifika nyumbani viganja vyangu vimegandwa na unga mbichi. Sijui ulitoka wapi.

Sasa naenda kila jioni, na kila jioni namkuta ameketi hatua moja karibu zaidi na ninaposimama. Jana alifika elfu tatu, sauti imemkauka. Akaniomba nimruhusu aache.

"Endelea," nikamwambia. "Hata viganja vya mtaa wa kanisa hujavifikia."