Mtaa Mwekundu, Mtaa Mweupe

Fundi cherehani na mkewe walikuwa wanafunga vyombo. Mtoto wao mchanga alilala mgongoni kwa mama. Kila akikohoa, mama alisimama kusikiliza kama bado anapumua.

Hofu ilianzia zahanati. Ukutani kulikuwa na ramani ya watoto waliougua kifua mwaka huu. Mtaa wao ulikuwa mwekundu, yaani wagonjwa wengi. Mtaa wa wifi, dada yake fundi, ulikuwa mweupe. Basi wakaamua kuhamia huko, tena siku hiyohiyo.

Jirani yao, mtu wa takwimu wa zahanati, akapita. Wote humwita Shangazi Hesabu.

"Makubwa haya. Mnahama bila hata kwaheri?"

"Shangazi, naogopa," mama alisema. "Mtaa huu utaniulia mwanangu."

"Mtaa huu una watoto wangapi wadogo?"

"Wanne."

"Wawili wakiugua, ni nusu. Mwakani asipougua hata mmoja, mtaa unakuwa mweupe. Watu wakiwa wachache, mtoto mmoja tu anabadili rangi. Na kwa wifi yako?"

"Kule wanakaa makapera. Mtoto mdogo ni mmoja tu."

"Sasa weupe huo umekuambia nini?"

Mama akaweka chini sufuria aliyoshika.

Shangazi akachukua chaki ya kukatia nguo, akachora mezani. "Tumejumlisha wagonjwa wa mitaa jirani pamoja, kwa miaka kadhaa. Tukalinganisha nyumba zinazofanana, wanaopikia nje kwa wanaopikia nje. Wagonjwa wengi wako mitaa ya upande huu, moshi wa tanuri la matofali unakoelekea."

Fundi akatazama alama ile. Mtaa wa dada yake ulikuwa katikati yake.

"Tungeruka majivu tukakanyaga moto," alisema. "Kwa hiyo hapa tuko salama?"

"Sijasema hivyo. Hesabu inaonyesha penye hatari zaidi, haisemi nani ataugua. Kikohozi hicho kionwe leo. Na akihema mbiombio au mbavu zikibonyea akivuta pumzi, msingoje."

Mtoto akapelekwa, akatibiwa, akapona. Zahanati nayo ikabandika ramani mpya, mitaa jirani ikihesabiwa pamoja.

Lakini mama bado hakulala vizuri. Wifi yake alikuwa mjamzito, amekaribia kujifungua. Akamfuata.

"Karibu, chumba chenu nimeshafagia," wifi alisema.

"Funga virago wewe, wifi. Utajifungulia kwetu."

Wifi akacheka; ramani mpya alikuwa hajaiona. "Mimi nihamie kwenye wekundu? Mtaa wetu mweupe, hakuna mtoto anayeugua."

Mama akamshika mkono.

"Wako bado hajazaliwa."