Pijo la Mwambire

Enzi hizo Kilifi haikuwa na daraja. Ukitoka Mombasa ulifika Mnarani, ukapanga foleni, ukanunua korosho hata kama hukuzitaka, ukaingoja feri. Wanaolalamikia foleni siku hizi hawajui foleni ni nini. Ila nayo ilikuwa na baraka zake. Watu wakisimama pamoja juani saa nzima, ama watagombana ama watapendana, na Nahashon Thuku na Kadii Mwambire walikuja kufanya yote mawili.

Ilikuwa Jumamosi moja ya Machi, mwaka 1984. Thuku, fundi wa simu aliyehamia Malindi kutoka Nyeri, alikuwa akirudi kutoka Mombasa amekumbatia grili ya gari lake kuukuu, Ford Anglia, iliyoviringishwa gazetini. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na suruali ya bugaluu, iliyopanuka miguuni, mtindo ambao mji mzima ulikuwa umeshauacha. Feri ilijaa malori, baiskeli, matenga ya kuku na akina mama wenye beseni za mahamri. Katikati ya vurumai hiyo alichutama msichana mwenye gauni la manjano na penseli iliyochomekwa kwenye nywele, akiupima mlango wa feri kwa futi ya mshonaji.

"Dada, unaishonea feri gauni?" Thuku akamuuliza.

Msichana hakuinua kichwa. "Gauni nilishamaliza. Sasa naishonea suruali. Hiyo yako naona fundi alizidisha kitambaa chini."

Akina mama wa mahamri wakaangua kicheko. Thuku naye akacheka, maana angefanya nini.

"Badala ya kusimama hapo kama mlingoti," msichana akaendelea, "nishikie ncha hii."

Thuku akaiweka juu ya gunia la makaa ile grili aliyoitafuta mwaka mzima, akachutama, akaishika ncha ya futi.

"Futi kumi na mbili," msichana akasema huku akiandika kiganjani. "Basi kwangu ni inchi tatu."

"Kwako wapi?"

"Kwenye feri yangu. Naiunda nyumbani kwa makopo ya mafuta. Kila futi moja naifanya robo inchi."

Kadii alikuwa mzuri, sikatai, na vishimo viwili vya mashavuni vilimfanya karani mkuu wa kiwanda alikofanya kazi asahau hesabu zake. Lakini Thuku hakumpendea vishimo. Alimpendea zile inchi tatu. Feri ilipotia nanga akashuka ameduwaa, mikono mitupu, hadi aliposikia sauti ikimwita nyuma.

"We Bwana Bugaluu! Umesahau meno ya gari lako!"

Jina hilo likamganda tangu siku hiyo.

Thuku hakuwa peke yake katika ugonjwa wa vyuma. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, watu kama yeye walikutana katika banda la Mzee Fondo, Malindi, wakanywa chai kwa mbaazi na mahamri na kuelezana walipofika. Fondo mwenyewe, mstaafu wa idara ya barabara, alikuwa na Landrova ambayo ilibaki kidogo tu imalizike tangu mwaka 1976. Mwalimu Jedida aliunda treni kwa njiti za viberiti. Musyoka alikuwa na pikipiki kuukuu iliyowaka siku za Krismasi pekee. Kila mmoja alisimama akasema mambo mawili: mwezi huu ametengeneza nini, na ameharibu nini. Sheria ilikuwa ya Fondo.

"Ukiniambia hukuharibu kitu," alikuwa akisema, "nitajua umelala mwezi mzima."

Mwezi wa Aprili Thuku alimleta Kadii na feri yake ya makopo. Kadii akasimama, akasema ametengeneza mlango wa feri na ameharibu mkasi wa mama yake. Fondo akamkubali papo hapo.

Yakafuata mapenzi ya simu. Kadii alikuwa karani katika kiwanda cha korosho, na simu ya ofisi ilikuwa juu ya meza yake.

"Kiwanda cha korosho, nikusaidie?"

"Hapa ni ofisi ya simu, Malindi. Tunajaribu laini."

"Mmeijaribu asubuhi, mmeijaribu saa sita. Ina nini hii laini?"

"Ina sauti tamu. Bado tunachunguza chanzo chake."

"Bugaluu weye! Karani mkuu ananikodolea macho."

"Mwambie naye anunue futi, apange foleni. Laazizi, kesho nije?"

"Njoo. Ila suruali hiyo iache huko huko."

Akaja, na suruali akaja nayo. Nyuma ya nyumba ya akina Kadii kule Mnarani, chini ya mkorosho, kuku walikuwa wakitaga ndani ya Pijo 403 la pikapu. Lilikuwa gari la marehemu baba yake Kadii, Mzee Mwambire, muuza mikate. Alilipaka rangi ya kijani kwa mkono wake, kwa brashi ya kupakia milango ya nyumba, na ubavuni akachora mkate. Masikini, kuchora hakujua. Mkate ule ulifanana na kiatu kiasi kwamba watu walimsimamisha njiani kumuuliza kama anayo namba nane. Alikuwa amefariki miaka mitatu kabla ya hapo, na gari halikutembea tena.

Thuku alilizunguka mara mbili, amesahau hata chai.

"Injini haijafa hii," akasema. "Nipe, nilifufue."

Kadii akamfukuza kuku mmoja kitini. "Mama alizoea kwenda nalo kanisani, amekaa mbele, kitambaa kichwani," akasema. "Nataka alipande tena. Lichukue, mpenzi. Nakuamini."

Thuku akalivuta hadi Malindi. Jumapili zake zote akazilala chini ya gari hilo, Anglia yake ikasahaulika, grili na vyote. Hakumruhusu Kadii alione.

"Limefika wapi?" Kadii aliuliza kwenye simu.

"Limefika pazuri. Utalia ukiliona."

Hapo alisema kweli.

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba banda lilijaa. Thuku akasimama mbele ya gari lililofunikwa turubai, shati jeupe limekolezwa buluu ya kufulia.

"Umetengeneza nini?" Fondo akauliza.

"Pijo la Mzee Mwambire."

"Na umeharibu nini?"

"Mara hii, mzee, sijaharibu kitu."

Akavuta turubai. Gari lilikuwa la kijivu, linang'aa, kama lilivyotoka kiwandani kabla halijaonja vumbi la Kilifi. Musyoka akapiga mluzi. Mwalimu Jedida akapiga makofi. Kadii alilizunguka polepole, akaweka kiganja mlangoni.

"Mkate uko wapi?"

"Ule mchoro? Niliukwangua. Ulikuwa umebabuka, na chini yake kuna kutu..."

Kadii akafika mbele, akapapasa madigadi ya kushoto, bati la juu ya gurudumu. "Na hapa?"

"Palikuwa pamebonyea. Nimepanyoosha siku nne nzima, sasa huwezi kujua!" Thuku bado alikuwa akitabasamu. Wanaume wengine hawaoni mvua mpaka wamelowa.

"Hapa," Kadii akasema, "baba alipagonga kwenye nguzo ya kivukoni akimkimbiza mama hospitalini. Mimi nilikuwa nazaliwa. Watu walimwambia apanyooshe, akakataa. Kila mwaka, siku yangu ya kuzaliwa, alinishika mkono akauweka hapa. Kila mwaka, Nahashon."

Hakumwita Bugaluu. Watu wote bandani walilisikia hilo.

"Lakini hukuniambia!"

"Na weye hukuniuliza!"

"Miezi mitano, Kadii. Miezi mitano nimelala chini ya gari hili kwa ajili yako, na hata asante..."

"Umemfuta baba," Kadii akasema. Akachukua mkoba wake, akaenda kupanda basi la Kilifi.

Wote wawili walikuwa na haki, na hilo ndilo lililoufanya ugomvi uwe mbaya. Thuku aliona kazi yake imetemewa mate. Kadii alihisi amefiwa mara ya pili. Jumatatu Thuku akapiga simu, fahari yake bado hajaiweka chini.

"Tunajaribu laini," akasema.

"Laini ni nzima," Kadii akajibu, akaweka simu chini.

Basi Oktoba ikapita, na Novemba ikapita, na Pijo la kijivu likakaa bandani likimwangalia Thuku. Kazi ilikuwa safi na hakuweza kuitazama. Alikuwa akimkumbuka Kadii kila alipoona futi, na katika kazi ya mafundi futi haziishi. Katikati ya Desemba akaomba ruhusa kazini siku ya Jumatano, saa ambayo Kadii angekuwa kiwandani, akavuka feri kwenda Mnarani.

Mama yake Kadii, Mama Kache, alikuwa kizingitini akichambua mchicha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye bugaluu. "Weye ndiye uliyemnyoa mume wangu?"

Thuku akainamisha kichwa. "Ndiye mimi, mama. Sikujua. Niliona kutu na mbonyeo, sikuona mtu. Nimekuja kuomba msamaha, na kuuliza kama ipo picha ya gari, hata moja, nijaribu kulirudisha."

"Picha hatuna. Nani angepiga picha gari la mikate?" Mama Kache akaendelea na mchicha, kisha akainuka, akaingia ndani. Alitoka na katoni iliyokuwa chini ya kitanda.

Ndani mlikuwa na kigari cha bati, urefu wa mkono. Kadii alikiunda baba yake akiwa hai, kila futi kwa inchi moja. Rangi ilikuwa ileile ya milango, na michirizi ya brashi ilionekana. Mkate uliofanana na kiatu ulikuwapo ubavuni. Kwenye madigadi ya kushoto palikuwa na kibonyeo, kimebonyezwa kwa kidole gumba. Usukani tu haukuwapo.

"Usukani baba yake alisema ataukunja yeye, kwa waya," Mama Kache akasema. "Akaugua. Kadii hajakigusa tangu hapo. Chukua. Na kirudi kama kinavyoondoka. Usije ukakinyoosha!"

Ijumaa ya kuamkia Jumamosi ya kwanza ya Januari Mzee Fondo alimpigia Kadii simu kiwandani. "Mwanangu, mama yako alituazima kitu chako, kiko mezani kwangu. Njoo kesho ukichukue."

Kadii alifika na gauni lile la manjano, uso ameukunja, tayari kwa vita. Uso ule haukufika mbali. Pijo lilikuwa la kijani, limepakwa kwa brashi, michirizi kila mahali. Mlangoni palikuwa na mkate, mpana huku, mwembamba kule, na kisigino kabisa.

Kadii akaziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa akicheka na machozi yakimtoka. "Hata ubaya wake umeuchora vilevile!"

"Niliupima kwenye kigari," Thuku akasema. "Nimeurudia mara sita. Ulikuwa ukitoka mzuri."

Kadii akapita mbele, akaweka kiganja kwenye madigadi. Palikuwa bado pamenyooka.

"Hapa nimeshindwa," Thuku akasema. Alichukua nyundo mezani. "Mara tatu nimeinua mkono, ukakataa. Nikaona nisipige wewe hupo."

"Usithubutu!" Fondo akanong'ona, akajifunika uso kwa kofia.

"Baba alipagonga kwa ajili ya mama, na kwa ajili yangu," Kadii akasema. "Weye utapiga kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako. Na kwa ajili ya wana wetu watakaokimbizwa hospitalini na gari hili, Mungu akitujalia. Nakupenda, Kadii. Nikuoe?"

Kijiko cha Musyoka kikabaki hewani.

"Piga kwanza," Kadii akasema.

Thuku akafumba macho, akapiga. Bati likalia, rangi ikaruka. Kadii akachomoa futi mkobani, akapima kigari, akapima Pijo, akatikisa kichwa.

"Umekosea. Umepiga inchi mbili juu."

"Nitapanyoosha, nipige tena!"

"Ukipanyoosha hapa, Bugaluu, siolewi." Akaushika mkono wake wenye mafuta, akauweka kwenye kibonyeo. "Hiki ni chako. Cha baba kiko mezani."

Mzee Fondo akajifunua uso na kujikohoza. "Haya, Thuku, sheria ni sheria. Umetengeneza nini?"

"Mlango wenye mkate, mzee."

"Na umeharibu nini?"

"Madigadi," Thuku akasema, na hakuna aliyewahi kukiri uharibifu kwa furaha namna ile.

Waliooana Juni walikuwa wengi mwaka ule, lakini bibi harusi aliyeletwa kanisani na mkate wa kiatu alikuwa mmoja tu. Mama Kache alikaa mbele, kitambaa kichwani, na kwenye feri akamwamuru Thuku aendeshe taratibu karibu na zile nguzo.

Daraja lilijengwa baadaye, na feri ikaondoka. Leo Kilifi unaivuka kabla hujamaliza sentensi, na korosho hununui. Feri iliyobaki ni ya makopo, iko kwenye rafu ya Kadii, mlango wake inchi tatu kamili. Kando yake kiko kigari cha kijani. Usukani wake ni wa waya, Thuku aliukunja usiku wa kuamkia harusi akauharibu mara nne. Na kwenye madigadi ya kushoto vipo vibonyeo viwili. Cha pili, cha juu kidogo, Kadii alikibonyeza kwa kidole gumba jioni ileile aliyotoka kuchumbiwa Malindi, kabla hajamwambia mama yake habari.